Nyumba Namba 19: Nani Alibadilisha Nini?

Mlango wa nyumba namba 19, Princelet Street, haufunguliwi kila siku. Nyumba ni dhaifu, haiwezi kubeba watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo ilikuwa ikifunguliwa mara chache sana na watu walikuwa wakipanga foleni. Mimi nilipanga foleni na mamangu, kwenye baridi, hatua chache tu kutoka Brick Lane, mashariki mwa London. Kila baada ya dakika tano Mama alikuwa ananiuliza: "Yaani tunasubiri kuona nyumba mbovu?"

Ndiyo, Mama. Mbovu haswa.

Kwanza niwaambie kwa nini nilimkokota mpaka pale. Miezi miwili kabla yake bibi alifariki, na sisi tukapewa wiki mbili kuondoa vitu vyake kwenye flati na kurudisha funguo. Bibi alikaa flati ile miaka 31. Haikuwa yake, alikuwa mpangaji tu, lakini aliigeuza akaifanya yake. Sebule ilikuwa chuo. Kila Jumamosi watoto wa mtaa, Waswahili, Wasomali na Wabangali, walikaa kwenye mkeka wakisoma Kurani, na kamba ya pazia ikawatenga na jikoni ambako mama zao walikuwa wakinywa chai. Chini ukutani palikuwa na mstari mrefu ambapo rangi ilikwisha, kwa ajili ya migongo ya watoto wa miaka yote hiyo. Mgongo wangu pia umo.

Siku tuliporudisha funguo, fundi alikuwa ameshafika na ndoo ya rangi nyeupe.

Nikatoka pale na mifuko mitatu ya barua za bibi. Siwezi kuzisoma. Zimeandikwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wengi wa Mji wa Kale, Mombasa. Kusikia nasikia, kusema nasema, lakini kile kisanduku cha ukoo wangu kimefungwa na ufunguo sina.

Ndiyo maana nilitaka kuiona hii nyumba. Twendeni ndani.

Enzi za akina George

Hapa Uingereza nyumba za namna hii zimepewa jina la enzi ya wafalme wanne waliopokezana kiti, wote wakiitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Haina uhusiano na nchi ya Georgia wala jimbo la Georgia kule Marekani. Ukitembea London umeziona, hata kama hukujua zinaitwaje.

Zilianzaje? Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya London, mji uliokuwa umejaa nyumba za mbao. Baada ya hapo sheria zikataka kuta za matofali au mawe. Ardhi ya mjini ilikuwa ghali, basi wajenzi wakajenga kwenda juu: nyumba nyembamba, zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila ghorofa ina chumba cha mbele na chumba cha nyuma, na ngazi kando. Jiko lilikuwa chini kabisa, nusu limezama ardhini. Vyumba vya wageni vilikuwa vile vyenye dari ndefu na kuta zilizofunikwa mbao. Juu kabisa, chini ya paa, walilala watumishi.

Madirisha ni yale ya kusukuma juu, yenye vioo vidogo vidogo, yamepangwa sawasawa kama safu za askari. Na hayo madirisha yalitozwa kodi! Kuanzia 1696 hadi 1851 mwenye nyumba Uingereza alilipa kulingana na idadi ya madirisha yake. Wengine waliyaziba kwa matofali ili wapunguziwe. Kwa hiyo ukiona nyumba ya zamani ina dirisha lililozibwa, inawezekana unaangalia mtu aliyemkimbia mtoza kodi.

Namba 19 ilijengwa mwaka 1719 na mjenzi aliyeitwa Samuel Worrall. Mtaa wenyewe wakati huo uliitwa Princes Street. Ilikuwa nyumba ya heshima katika kitongoji kipya cha Spitalfields, nje kidogo ya kuta za jiji la zamani. Nje ya kuta ndiko wageni walikoweza kufanya kazi kwa nafasi zaidi, maana ndani ya jiji vyama vya mafundi vilikuwa na masharti yake.

Wafumaji

Wageni wenyewe walikuwa Wafaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 alifuta sheria iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu. Makumi ya maelfu walikimbilia Uingereza. Waliitwa Wahuguenoti, na ni wao waliosababisha Waingereza waazime kutoka Kifaransa neno wanalolitumia mpaka leo kwa maana ya mkimbizi. Hebu fikiria hilo. Neno linalotupwa huku na huku kwenye habari kila siku lilianza na watu wa mitaa hii, waliovaa hariri.

Ndiyo, hariri. Wengi waliokuja Spitalfields walikuwa wafumaji hariri hodari, na biashara yao ikastawi. Katika karne ya 18, namba 19 ilikaliwa na ukoo wa Ogier, Wahuguenoti wa biashara hiyo ya hariri.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Mwaka huohuo wa 1719, nyumba ikiwa bado inanukia chokaa mbichi, wafumaji wa Spitalfields walifanya fujo barabarani kwa sababu ya kaliko. Kaliko hii hii waliyoijua bibi zetu, kitambaa cha pamba kutoka India. Kilikuwa rahisi na kizuri, na wanawake wa London walikipenda. Wafumaji waliona mkate wao unaondoka, wakawashambulia wanawake njiani na kuwararulia nguo mwilini. Mwaka 1721 Bunge likapitisha sheria ya kukataza kaliko nyingi kuvaliwa. Miaka 50 baadaye ugomvi ulikuwa baina ya wafumaji na matajiri wao kuhusu malipo. Mwezi wa Desemba 1769 wafumaji wawili, John Doyle na John Valline, walinyongwa hadharani karibu na hapo, Bethnal Green, kwa kukata hariri iliyokuwa kwenye vitanda vya kufumia.

Ukisimama barabarani na kutazama juu ya nyumba za mitaa hii, unaona vyumba vya chini ya paa vina madirisha mapana kuliko ya chini. Hayafuati ule mpango wa askari niliousema. Ni kwa sababu mfumaji wa hariri anahitaji mwanga kuliko anavyohitaji kupendeza. Nyuzi ni nyembamba kama nywele. Ukikosea rangi moja, kazi ya siku nzima imeharibika. Basi nyumba za starehe zikafunguliwa juu zikawa karakana.

Hilo ndilo badiliko la kwanza: nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuonekana ikageuzwa iwe ya kufanyia kazi.

Halafu hariri ikaanguka. Mashine, mitindo, na mwisho mapatano ya biashara kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860, yaliyoiachia hariri ya Kifaransa iingie bila ushuru. Wenye uwezo walishahama. Nyumba kubwa zikagawanywa chumba kwa chumba, karakana hapa, wapangaji pale.

Bustani iliyoezekwa

Sasa tunafika pale Mama aliponyamaza.

Unaingia namba 19 kwa mlango wa kawaida wa nyumba. Unapita ukumbi mwembamba, kuta za mbao, rangi imebanduka, ngazi iko kando yako. Unategemea ukifika mwisho utoke nje, uani. Lakini hutoki. Unajikuta ndani ya sinagogi.

Mwaka 1869 bustani ya nyuma iliezekwa. Waliofanya hivyo walikuwa chama cha kusaidiana cha Wayahudi, wengi asili yao Poland. Vyama vya namna ile viliendeshwa kwa michango: unatoa kidogo kidogo, ukiumwa au ukifiwa, wenzako wanakubeba. Mswahili hahitaji kuelezewa zaidi, nadhani. Sisi tunaita chama na tunajua adha ya mweka hazina anayepiga simu kila mwisho wa mwezi.

Hawakuwa na pesa za kununua kiwanja na kusimamisha jengo lenye minara. Walikuwa na nyumba ya zamani na uwanja mdogo nyuma. Basi wakajenga mle mle, paa la vioo vya rangi likiingiza mwanga kutoka juu, maana pembeni hakuna pa kuutoa. Juu kuna roshani ya wanawake, imezunguka pande. Chini yake, ardhini, kuna ukumbi wa mikutano. Na kwenye mbao za ile roshani yameandikwa majina ya waliochanga, na kiasi walichotoa.

Mama alisoma yale majina polepole, moja moja, kama mtu anayesoma daftari la harusi. Akasema, "Hawa walikuwa maskini. Tajiri huandika jina, hahitaji kuandika kiasi."

Sijui kama ni kweli kwa kila tajiri, lakini nilielewa anachosema.

Miaka iliyofuata Wayahudi wengi zaidi walikuja. Baada ya mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, kuuawa mwaka 1881, Wayahudi wa huko walishambuliwa mji baada ya mji, wakakimbia. Spitalfields ikajaa mafundi cherehani. Uingereza ikajibu, mwaka 1905, kwa sheria ya kuzuia wageni wasiotakiwa. Hii hadithi mnaijua. Tarehe tu ndiyo inayobadilika.

Chumba cha juu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia za Kiyahudi zikahamia vitongoji vyenye nafasi. Waumini wakapungua na sinagogi likatulia. Juu kabisa, kwenye chumba cha chini ya paa, alibaki mtu mmoja: David Rodinsky. Alizaliwa London mwaka 1925, akakaa pale na mama yake na dada yake, kisha peke yake. Alipenda lugha kupita kiasi. Alijifunza nyingi, alikusanya kamusi, alijaza madaftari kwa maandishi ya kila aina.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akatoweka. Chumba kilikaa bila kuguswa mpaka karibu mwaka 1980, kilipofunguliwa vitabu, makaratasi na nguo zikiwa bado zipo. Watu wakatunga hadithi. Eti alikuwa mchawi wa vitabu, eti aliyeyuka hewani, eti aliacha uji kwenye jiko. Waandishi wakaja, wapiga picha wakaja. Chumba kikawa maarufu na mwenyewe akageuka jini.

Kisha akaja binti mmoja msanii, Rachel Lichtenstein, mjukuu wa Wayahudi wa Poland waliofika London katika miaka ya 1930. Yeye hakutunga. Alianza kuuliza. Aliwatafuta majirani wa zamani, jamaa, makaratasi ya serikali. Ilimchukua miaka. Majibu aliyoyapata hayakuwa ya kichawi: Rodinsky alipelekwa hospitali nje ya London, kule Epsom, na huko alifariki mwaka 1969. Alikuwa na kaburi, ila hakuna aliyekuwa akilizuru. Mwaka 1999 Lichtenstein na mwandishi Iain Sinclair walitoa kitabu kuhusu chumba kile.

Nikiwa pale chini ya ngazi nilifikiria zile lugha zote. Mtu mmoja amejaza chumba kwa maandishi, halafu anaondoka na mtaa mzima hauna wa kuyasoma kwa urahisi. Waliozijua lugha zile walishahama au walishakufa. Watoto wao walizungumza Kiingereza.

Mifuko yangu mitatu ilikuwa nyumbani chini ya kitanda.

Urudishe mpaka mwaka gani?

Sasa nije kwenye swali ambalo kwangu ndilo kiini cha nyumba hii. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za Spitalfields zilikuwa zinaanguka au zinangoja kubomolewa ili zijengwe ofisi. Mwaka 1977 kikundi cha wapenda historia kiliingia katika nyumba mbili za Elder Street zilizokuwa zimeshaanza kubomolewa, wakakaa humo kuwazuia wabomoaji. Walishinda. Kikundi hicho kikawa shirika la uhifadhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba namba 19 nayo ikaokolewa. Sasa inalindwa kisheria, na baadaye ilikuja kuwa mikononi mwa jumuiya iliyoitumia kueleza historia ya uhamiaji.

Lakini "kuokoa" maana yake nini? Ungetaka kuirudisha nyumba hii kama ilivyokuwa 1719, iwe safi na ya kupendeza, ungelazimika kubomoa sinagogi na kupanda tena majani kwenye bustani. Ungepunguza madirisha ya juu. Ungepaka rangi upya. Ungepata nyumba nzuri sana ya tajiri mmoja, na ungefuta karibu kila mtu aliyewahi kuihitaji.

Ubishi huu si mpya. Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho makao yake leo yako hapo hapo Spitalfields. Walipinga mtindo wa kukwangua jengo mpaka lifanane na enzi moja iliyochaguliwa na fundi. Walitaka ukarabati wa kuzuia kuharibika, na yale yaliyoongezwa na vizazi yabaki. Morris alikuwa akifikiria makanisa ya kale zaidi kuliko nyumba za wahamiaji, lakini hoja yake inatufaa.

Na tuseme ukweli: nyumba hii haikuhifadhiwa na mapenzi peke yake. Kwa muda mrefu ilihifadhiwa na umaskini. Mwenye pesa hubomoa na kujenga upya. Asiye nazo huongeza kamba, pazia, paa la vioo juu ya bustani. Waliokuja baadaye mitaa hii, Wabangali, walifanya hivyo hivyo. Lile kanisa la Wahuguenoti la 1743, pembeni tu Brick Lane, likawa sinagogi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1976 ni msikiti. Kuta ni zile zile. Leo nyumba za mitaa hii zinauzwa kwa mamilioni ya pauni, na mtoto wa fundi cherehani hawezi kupanga hata chumba kimoja humo. Mapenzi ya historia yanaweza kumfukuza mtu vizuri tu, kama yalivyomfukuza umaskini.

Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba fulani "imeharibiwa" kwa kubadilishwa, muulize: imebadilishwa na nani, na alikuwa anahitaji nini? Mara nyingi jibu la swali la pili ni historia yenyewe.

Barua

Tulipotoka, Mama alisimama barabarani akaitazama tena ile nyumba. Akasema, "Bibi yako angeielewa hii. Angeuliza tu mkeka wanauweka wapi."

Wiki iliyofuata nilichukua mfuko mmoja nikaenda kwa mzee rafiki wa marehemu babu, ambaye sote tunamwita Maalim. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Alivaa miwani, akachagua barua moja bila kuangalia ipi, akaanza kunisomea. Ilikuwa ya mwaka 1994, kutoka kwa dada yake bibi, Mombasa. Salamu zilichukua ukurasa mzima. Fulani ameolewa, fulani anaumwa mguu, mvua zimechelewa. Kisha, katikati, kama habari ndogo tu, akamwambia bibi kwamba amefurahi kusikia sebule imekuwa chuo na watoto wamefika tisa, na kwamba asisahau kutia pazia.

Nilimwomba Maalim asome tena hapo.

Ukuta ule umeshapakwa rangi na siwezi kuurudisha. Hatukuwa na mbao za kuandika majina. Lakini sasa ninajua mwaka, ninajua idadi, na ninajua wazo la pazia lilitoka kwa nani. Maalim amekubali kunifundisha zile herufi, kila Jumapili baada ya adhuhuri. Ananiambia mwandiko wangu ni kama wa kuku, lakini tumeshamaliza barua nne.

Na wewe? Kwenu ni nani aliyebadilisha nyumba, na alibadilisha nini? Labda babu aliyefanya gereji kuwa msala, au shangazi aliyepanda mchicha mahali pa maua. Muulize leo, akiwa bado anaweza kukujibu. Uandike jina, mwaka, na kama anakumbuka, hata kiasi alichotumia.